Kabati la Mandazi Lililobeba Sukuma ya Angani

Mnaokuja kunipa pole nawashukuru, na sukari yangu mmeimaliza. Kila mmoja akishaketi anazungusha macho mpaka kule pembeni, kwenye kabati la kioo, kisha ananiuliza, "Mwalimu, kwani ilikuwaje?" Nimesimulia vipande vipande mpaka nimechoka na sauti yangu mwenyewe. Leo naandika yote, mpokezane, na atakayeuliza tena nitampa karatasi badala ya chai.

Makabila sitayataja. Mnayajua, na mwezi ule wa Januari yalitajwa ya kutosha.

Kabla ya kuondoka Kabazi

Kabati ni la Mama Wangeci, yule anayeuza mandazi kando ya lango la shule yetu. Mwaka jana, 2007, alimfungia Atieno mandazi kwa ukurasa wa gazeti. Atieno ni mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu, msichana anayesoma hata karatasi ya kufungia nyama. Akaja na ukurasa huo darasani ukiwa umelowa mafuta. Ulieleza kwamba watu wanaoishi kule juu, kwenye chombo kinachozunguka dunia, wamekuza mboga ndani ya kisanduku chenye taa, na wamezila mbichi.

Darasa zima liliangua kicheko. "Mbichi? Bila hata kitunguu? Kama mbuzi?" Atieno hakucheka. Aliniuliza, "Mwalimu, huko juu hakuna upepo. Hiyo mboga inapata wapi hewa?"

Nilimwambia inapata kwa watu. Hewa tunayoitoa sisi ndiyo chakula cha majani, na hewa inayotolewa na majani ndiyo inayotuweka hai. Nilikuwa nafundisha somo la kawaida kabisa, lakini yeye alilichukua kama kazi ya kufanya. Wiki hiyo hiyo alimbembeleza Mama Wangeci mpaka akapewa kabati la zamani la mandazi, lile la kioo pande zote. Tuliziba mianya, tukafunga taa ya kutumia betri ya gari, na ubavuni fundi akatutobolea tundu la kupitisha mpira mwembamba. Kila asubuhi wasichana walipanga foleni wakapuliza pumzi zao ndani, kisha tukaubana mpira kwa kibanio cha nguo. Kioo kilitoa jasho, jasho likarudi chini kwenye mizizi, na maji yale yale yakanywewa tena na tena.

Tulipanda sukuma wiki, mboga ya kila siku kwetu, na udongo hatukutumia. Hilo tulifunzwa na mama yake Atieno, aliyekuwa akifanya kazi kwenye shamba la maua Naivasha. Alitutumia gunia la yale mawe mepesi tunayosugulia miguu, akasema hata waridi za kwao zinasimama juu ya mawe hayo na kunyweshwa mbolea kwa matone. Akaomba jambo moja tu. Nilimsikia kwa masikio yangu, maana simu ilikuwa yangu: "Maua yangu yanapanda ndege kila siku, na mimi napanda trekta. Wewe mtoto, niletee hiyo sukuma ya angani niile mbichi. Nijue wanaonja nini huko juu."

Atieno akaahidi. Shule ilipofungwa Desemba alikataa kwenda nyumbani, kwa sababu miche ilikuwa bado midogo na, kwa maneno yake, "nani atazipulizia?" Akakaa kwangu Krismasi. Uchaguzi ukapita, nchi ikawaka moto, na yeye akawa amekwama Kabazi, mahali alipozaliwa lakini ambapo jina lake lilikuwa ghafla jina la mgeni.

Jirani mmoja, mtu wa kanisa, alisimama kwenye ua wangu akaniuliza kwa upole, "Mwalimu, huyo mtoto utamweka mpaka lini?" Upole ule ulinitisha kuliko makelele. Nilimwambia Atieno afunge nguo, nampeleka kwa mama yake. Alifunga nguo chache kwenye mfuko wa karatasi, kisha akaenda kukumbatia kabati.

"Hilo linabaki," nikasema.

"Basi na mimi nabaki."

Nilimgombeza mpaka nikaishiwa maneno. Mwisho wake mliona wenyewe: mwalimu mzima na mwanafunzi wake, wamebeba kabati la mandazi lenye sukuma ndani, wakisubiri gari la maziwa.

Kabazi hadi Subukia

Gari la maziwa lilitubeba katikati ya mikebe. Dereva alikuwa mcheshi asubuhi ile, akaniuliza kama Mama Wangeci sasa anauza mandazi ya kijani. Tulipokaribia Subukia tulisimamishwa na polisi, na hapo ucheshi ukaisha.

Afisa aliuliza kazi yangu, kisha akazunguka kabati mara kadhaa. Aliona mimea, taa, waya na mpira. Akatabasamu kama mtu aliyepandishwa cheo.

"Mwalimu mzima. Unapanda bangi kwa kabati?"

"Ni sukuma, afande."

"Sukuma inawekewa taa?"

Nikaanza kueleza mambo ya anga, na kadiri nilivyoeleza ndivyo nilivyoonekana mwongo. Nchi nzima ilikuwa inachinjana, na serikali imepata sukuma ya kukamata! Tukashushwa, gari la maziwa likaenda zake, tukakalishwa kwenye benchi mpaka jua likapita utosini. Hatimaye Atieno alifungua kidirisha kidogo cha kabati, akakata jani moja la chini, akampelekea afisa kwa mikono miwili.

"Onja, afande."

"Mbichi? Mimi si mbuzi."

"Wale wa angani pia si mbuzi."

Alitafuna kona ya jani kwa uso wa mtu anayemeza dawa. Akatafuna tena. "Ni sukuma," akatangaza kwa wenzake, kwa huzuni kidogo. "Lakini haina chumvi." Kabla ya kutuachilia alitaka kujua mpira ni wa nini, na alipoelezwa aliinama akapuliza pumzi ndefu, kofia imeshikwa mkononi. Nilicheka. Nawaambia hivyo kwa sababu ndiyo mara ya mwisho niliyocheka kwenye safari ile.

Subukia hadi Nakuru

Lori la kabeji lilitubeba likiteremka kuelekea Nakuru. Dereva hakusema neno. Tulipofika mahali ambapo mji unaonekana wote hadi ziwani, akasimamisha lori akatazama moshi. Ulikuwa unapanda sehemu nyingi, mweusi, wa magurudumu. "Mimi naishia hapa, mathe," akasema, akiniita mama kwa lugha ya vijana, na akaanza kugeuza kabla hata hatujamaliza kushusha.

Tulitembea. Kabati lile lina pembe za chuma zinazokata viganja, kwa hiyo tulienda hatua chache tukatua, tukaenda tena. Watu walitupita wakija upande wetu, wamebeba magodoro, televisheni, kuku. Hakuna aliyeshangaa kuona kabati. Siku hiyo kila mtu alikuwa amebeba kitu kisicho na maana. Mwanamume mmoja aliyekuwa akikimbia alitugonga, kabati likaanguka kwa ubavu na kioo kikapasuka kutoka kona hadi kona. Atieno aliweka kiganja juu ya ufa kana kwamba anazuia damu.

Katika mtaa wa maduka, yote yakiwa yamefungwa, tuliona mlango mmoja umeinuliwa kiasi cha goti. Mzee mmoja Kalasinga, Mhindi wa kilemba, alichungulia kutoka chini yake. Huyo ndiye Mzee Balbir, muuza vifaa vya ujenzi, na kama mnataka kuniombea mwombeeni yeye kwanza.

"Ingia, ingia! Nyinyi nasimama barabarani kama hakuna vita?"

Tukaingia tukitambaa, kabati likasukumwa mbele. Hakutuuliza majina, wala tulikotoka. Alitazama ufa.

"Kioo iko na shida. Ngoja."

Akaleta bomba la gundi ile ya mabomba ya choo, akaziba ufa taratibu, akaulainisha kwa kidole chenye mate. Nje watu walikuwa wakipiga mayowe. Alipomaliza ndipo akauliza ni nini hasa alichokiziba. Atieno akamweleza. Mzee Balbir akasikiliza mpaka mwisho, akaguna, akasema, "Hii mboga iko na bahati. Nyumba yake nafungwa vizuri."

Akatupeleka kwenye hekalu lao. Tulikaa huko siku nyingi kuliko nilivyotaka, maana hakuna aliyethubutu kutoka mjini na kafyu ilikuwa kali. Watu wa kila namna walikuwa wamejaa kwenye ua. Saa za kula wote waliketi chini mstari mmoja, tajiri na fukara, wakagawiwa chapati na dengu. Mara ya kwanza nilikosea nikatoa pochi. Mama aliyekuwa akigawa alinitazama kana kwamba nimemtukana, akaniongezea chapati mbili juu ya ile niliyokuwa nayo ili ninyamaze.

Mama yake Atieno alipiga simu kila jioni. Alicheka, akauliza hali ya sukuma kabla ya hali yetu. Jumamosi alisema mambo Naivasha si mazuri, vijana wanapita milangoni wakiuliza nani anaishi wapi, lakini jirani yake Mama Shiru amemwambia wakija ataingia kwake. "Kaeni huko kwanza," akasema. "Mimi sina haraka ya kula majani."

Jumapili hakupiga. Tukapiga sisi. Tukapiga mpaka nikayachukia yale maneno ya mteja hapatikani, na yule mwanamke anayeyasema kwa sauti ya mtu aliyeshiba. Atieno alisema betri imeisha. Jumatatu alisema hivyo hivyo. Kila asubuhi aliendelea kupuliza mpira, na watoto wa pale hekaluni walimsaidia, na majani yalizidi kunenepa kana kwamba hakuna kitu kilichotokea popote.

Nakuru hadi Naivasha

Alhamisi Mzee Balbir alipata ruhusa ya kupeleka lori la unga kwa waliokimbilia kituo cha polisi Naivasha. Dereva wake alikuwa ametoroka, akaendesha mwenyewe. Tulikaa mbele, kabati magotini kwetu, na kwa sababu ya kabati sikuona barabara vizuri. Niliona kupitia kwenye majani: nyumba bila paa, ng'ombe wanaotembea bila mtu, lori lililoungua likiwa bado limeelekea lilikokuwa likienda.

Tulikuwa tumepita Gilgil waliposimama mbele yetu. Mawe yamepangwa barabarani, na vijana pande zote mbili. Wengine wangeweza kuwa wanafunzi wangu.

"Niaje, buda. Zima gari. Umebeba nini?"

"Unga," akasema Mzee Balbir.

"Unga ya nani? Ya watu wetu ama ya wale?"

"Ya mtu ya njaa."

Yule kijana aliyekuwa akiongoza, mwenye koti la mvua la njano, hakulipenda jibu lakini aliliacha lipite. Akaja upande wangu. "Mathe, kitambulisho." Nilimpa. Alisoma jina langu, akanirudishia kwa heshima. "Sawa, mathe. Uko nyumbani." Jina langu lilinipitisha, na nilishukuru, na nikaona haya kwa kushukuru. Nawaambieni ukweli ulivyo.

"Na huyu msupa?"

"Ni msichana wangu. Hajafikisha umri wa kitambulisho."

"Wewe, unaitwa nani?"

"Wanjiku," akasema Atieno, akijipa jina la kwetu.

Akamgeuzia lugha yetu ya nyumbani, akamuuliza anatoka wapi. Atieno amezaliwa Kabazi. Alijibu kwa lugha hiyo hiyo, akivuta maneno kama watu wa Kabazi wanavyoyavuta, bila kujikwaa. Kijana akaitikia kwa kichwa, lakini hakuondoka. Macho yalikuwa yameshuka kwenye kabati.

"Na hii ni nini?"

Atieno akasema, "Ni sukuma ya angani."

"Wacha jokes."

"Si jokes. Inakula pumzi. Puliza hapa uone."

Alimnyooshea mpira kupitia dirishani. Kijana akawatazama wenzake, kisha akalibana panga lake kwapani ili aushike mpira kwa mikono miwili, kama mtoto anavyoshika kikombe. Akapuliza. Kioo kikafunikwa na ukungu ndani, majani yakapotea, kisha yakarudi polepole. Akacheka kwa sauti ya kitoto kabisa.

"Kujeni muone!"

Wakaja. Wakapanga foleni, wallahi, kama wasichana wangu darasani. Kila mmoja alipuliza akangoja ukungu. Mmoja alinuka petroli mpaka ndani ya gari. Mwingine aliuliza kama mboga hizo zikiiva zinaweza kuliwa na mtu wa kawaida. Mzee Balbir alikuwa ameshika usukani na midomo yake inasogea bila sauti.

"Mnazipeleka wapi?" akauliza yule wa koti la njano.

"Kwa mamangu," akasema Atieno.

Neno likishatoka halirudi. Kijana akanitazama mimi, ambaye dakika chache kabla nilikuwa ndiye mama.

"Nyanya yake huyo," nikasema. Sijui sauti ilitoka wapi. "Ndiye aliyemlea, humwita mama. Mimi huniita jina langu tu, hana adabu."

Aliliangalia kabati tena. Kisha akapiga mlango wa lori kwa kiganja, mawe yakaondolewa.

"Poa," akamwambia Atieno. "Salimia mathe."

Naivasha

Ua wa kituo cha polisi ulikuwa umejaa watu na matandiko. Wengi walikuwa wa mashamba ya maua, bado wamevaa makoti yao ya kijani ya kazini. Sufuria zilichemka kila mahali, na ndani mlikuwa na mahindi matupu. Atieno aliacha kabati mikononi mwangu akaanza kupita kati ya watu akiita jina la mama yake. Kwanza kwa sauti ya kawaida, halafu kwa kupaza.

Aliyeitika alikuwa Mama Shiru. Yeye si wa upande uliokuwa ukisakwa. Alikuwa amekuja pale kila siku kuleta chai na kungoja mtu yeyote wa familia, ili habari isije ikatolewa na mgeni. Alimkalisha Atieno kwenye ndoo iliyopinduliwa, akapiga magoti mbele yake vumbini.

Nayaandika kama alivyoyasema, sitaongeza. Jumapili vijana walipoingia kwenye ploti ya nyumba za kupanga, mama yake Atieno alikuwa tayari chini ya kitanda cha Mama Shiru. Walipita, hawakumwona. Angekaa pale angepona. Lakini simu yake ilikuwa inachajiwa nyumbani kwake, mlango wa pili, na akaanza kusema mtoto atapiga asimpate, mtoto ataogopa. Mama Shiru alimshika nguo. Akatoka. Walikuwa wanarudi kwa njia ile ile, wakamkuta ndani, wakafunga mlango kwa nje wakachoma.

Atieno hakulia. Aliuliza, "Jumapili?"

"Jumapili, mwanangu."

Alihesabu siku kwa vidole. Kisha akanigeukia, na ndipo sauti ilipokatika. "Mwalimu, leo ni Alhamisi. Yule wa koti ameniambia nimsalimie."

Nililitua kabati kando ya ndoo yake.

Wanawake walikuwa wameanza kutuzunguka, si kwa ajili ya msiba, maana pale kila ndoo ilikuwa na msiba wake. Walikuwa wameona mboga. Mmoja akasema kwa aibu, "Mwalimu, watoto hawajaona kitu kibichi tangu tuje." Nilitaka kumfukuza. Lakini Atieno alikuwa ameshafungua kidirisha. Alivunja majani, ya chini kwanza, akiyavuta kuelekea chini kama mama yake alivyomfundisha kwa simu, ili shina lisijeruhiwe. Alimpa Mama Shiru mkono mzima wa majani, kisha mwingine.

"Wapewe watoto. Wale mbichi, zimetoka mbali."

"Na wewe?" nikamuuliza. "Weka moja lako."

"Mimi siwezi, mwalimu. Ndani ya hizi kuna pumzi ya wale."

Watoto walikula. Hawakuuliza chumvi wala kitunguu. Mdogo mmoja alimletea Atieno kipande kilichobaki, chenye alama za meno, akakikataa kwa kichwa tu. Kwa mazoea Atieno alikuwa ameacha shina moja na moyo wake, jani moja changa lililojikunja, kama inavyoachwa sukuma itakayochumwa tena.

Kurudi

Mjomba wake alikuja na msafara wa mabasi yaliyosindikizwa na askari, akamchukua kwenda magharibi. Mwili wa mama ulibaki ukingoja barabara ifunguke, na ukazikwa baadaye bila mimi. Atieno alipanda basi na mfuko wake wa karatasi. Aliniambia kabati ni la Mama Wangeci, nisisahau kulirudisha. Mzee Balbir alinibeba hadi Nakuru, na kutoka huko nikaja kwa lori hili na lile. Vizuizi vilikuwa vingi, lakini kabati halikuulizwa tena. Lilikuwa na mawe na shina tu.

Niliporudi sikuligusa. Sikulipulizia, taa sikuiwasha. Lilikaa pale pembeni, karibu na dirisha, ambapo mmekuwa mkiliangalia mkinywa chai.

Jana Atieno alipiga kwa simu ya mjomba. Ameanza shule huko, anasema wenzake wanamcheka anavyoongea kama mtu wa Kabazi. Halafu akauliza, "Lile shina, mwalimu, lilichipuka?"

Nikaenda na simu sikioni nikatazama. Lilikuwa limechipuka. Majani matatu, mazuri, ya kijani kibichi. Nikamwambia, nikidhani nampa habari njema.

Yeye akasema, "Ling'oe."

Leo asubuhi Mama Wangeci alikuja kuulizia kabati lake, na nilimwambia arudi jioni. Nimefungua kidirisha, nikaweka mkono ndani, nikalishika shina karibu na mawe. Nilikuwa nimejiandaa kuvuta kwa nguvu. Lilitoka kwa urahisi kabisa, maana halikuwa na udongo wa kulishika.